Injini ya ndege ya kujiundia: kwa nini kuifunga si kazi ya boliti nne

Kila picha ya kijana aliyejiundia ndege uani kwao inapozunguka kwenye simu, ubishi wa vijiweni Tanga huwa ule ule, iwe ni kwenye barabara za namba kule Ngamiani au kwenye kahawa ya jioni Chumbageni. Mmoja anasema kazi ngumu ni mabawa. Mwingine anamkatalia: ngumu ni kupata injini, ukishaipata unaikaza kwa boliti nne, unatia petroli, unaondoka. Wa tatu anauliza kwa nini yule kijana asingechukua tu injini ya Corolla, au hata ya bodaboda, akaokoa fedha.

Maswali hayo ni ya haki, ila yote yanatazama upande mmoja. Injini iliyotoka kiwandani, ambayo haijafunguliwa na mtu, mara nyingi ndiyo kitu cha kuaminika kuliko vyote vilivyo mbele ya ndege hiyo. Kinachoizima angani ni vile vitu vidogo vinavyoizunguka ambavyo mjenzi amevifunga mwenyewe: hozi, klipu, waya, tundu la kupumulia la tangi. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilichapisha mwaka 2012 uchambuzi wake wa ajali za ndege za kujiundia. Matukio mawili yaliyojitokeza kuliko mengine yalikuwa injini kupoteza nguvu na rubani kupoteza udhibiti wa ndege, na sehemu kubwa ya ajali ilitokea ndege ikiwa bado changa. Moja ya mapendekezo yao lilihusu jambo la kawaida kabisa: mjenzi athibitishe kwa kipimo kwamba mafuta yanafika kwenye injini.

Kwanza tuelewane maneno. Ndege ya kujiundia ni ile ambayo mtu binafsi ameijenga mwenyewe, kwa michoro au kwa vipande vilivyokatwa kiwandani na kuuzwa kama seti. Marekani, ambako ndege hizi zimezoeleka sana, sharti ni kwamba sehemu iliyo kubwa ya ujenzi ifanywe na mtu kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Ndiyo asili ya ule msemo wa “asilimia 51”. Lakini kujiundia ndege hakumaanishi kujiundia injini. Injini na propela hununuliwa, na hakuna anayekushushia heshima kwa hilo. Kwetu Tanzania, usajili wa ndege na ruhusa ya kuruka viko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ndege iliyosajiliwa hapa hubeba alama inayoanza na 5H. Anayeota kujenga apeleke michoro yake huko kabla ya kununua hata boliti, maana kubomoa kilichokwisha kufungwa ni ghali kuliko kuuliza.

Maneno mengine mawili utakutana nayo tena. Fremu ya injini ni kile kiunzi cha mabomba ya chuma kinachoishika injini kwenye mwili wa ndege. Ukuta wa moto ni bamba la chuma lililo kati ya injini na miguu ya rubani.

Sasa injini yenyewe. Kwa ndege ndogo ya watu wawili, inayotumika sana duniani ni Rotax 912 kutoka Austria. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Vichwa vyake vinapozwa kwa maji na silinda kwa upepo. Ya hosipawa 100, iitwayo 912 ULS, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,352, inaruhusiwa kuzunguka mara 5,800 kwa dakika kwa muda usiozidi dakika tano, na 5,500 mfululizo. Maelezo yanayofuata yanaifuata hiyo, ingawa mengi yanahusu injini yoyote.

Bodaboda tuimalize haraka: injini ya sisi (cc) 150 haifiki hosipawa 15. Haitoshi, basi. Ya Corolla ina nguvu za kutosha, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tatizo lake la kwanza ni kasi ya mzunguko. Chukua propela yenye kipenyo cha mita 1.7. Ukiifunga moja kwa moja kwenye injini inayozunguka mara 5,800 kwa dakika, ncha zake zitakimbia zaidi ya mita 500 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe hukimbia kama mita 340. Propela ya namna hiyo hupiga kelele kubwa na kuvuta kidogo. Ndiyo maana Rotax ina giaboksi inayopunguza mzunguko kwa uwiano wa 2.43 kwa 1: injini ikipiga 5,800, propela inazunguka kama 2,390, na ncha zinabaki kwenye mita 212 kwa sekunde. Tatizo la pili ni mzigo. Gari likiwa barabarani kuelekea Segera linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake. Ndege inatumia robo tatu, saa baada ya saa. Bado, anayesema injini ya gari hairuki kabisa anakosea: za Volkswagen zile za kupozwa kwa upepo zimerusha ndege ndogo kwa miongo mingi, zikitumia propela fupi. Ila kila aliyefanya hivyo alilazimika kutatua mwenyewe mambo ya kupoza, uzito na mfumo wa cheche, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kuijenga ndege.

Fremu na uzito

Boliti nne zipo kweli. Kila moja inapita kwenye mpira unaomeza mtikisiko, na mpira huo una upande wa mbele na wa nyuma. Ukiugeuza, injini itakaa chini kuliko ilivyochorwa. Boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini ile, si kwa kukisia mkono. Fundi wa gari aliyezoea “kaza mpaka ilie” huvuta uzi wa boliti kupita kiasi, nayo inakatika baadaye ikiwa peke yake. Baada ya kukaza, chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na kwenye chuma kilicho chini yake: siku nati ikilegea hata kidogo, mstari utavunjika na utauona kwa jicho. Nati zenye pete ya nailoni zisikae karibu na eksozi wala vichwa vya silinda, kwa kuwa nailoni ikilainika kwa joto haishiki tena. Huko tumia nati za chuma tupu zinazojibana, au zile zenye meno na pini.

Kuisogeza injini mbele “kidogo tu” ili rejeta ipate nafasi si jambo dogo. Injini ikiwa na vifaa vyake ina kama kilo 75. Isogeze sentimita 10 kwenye ndege tupu ya kilo 300, na kitovu cha uzito cha ndege nzima kitahama sentimita 2.5. Kwenye ndege ndogo, nafasi yote inayoruhusiwa kati ya mbele na nyuma mara nyingi ni kiasi cha shibiri moja, na ndani yake bado hujamweka abiria, mizigo wala mafuta.

Ukuta wa moto hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu chenye unene wa karibu milimita 0.4. Aluminiamu huyeyuka ifikapo nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali moto unaotumika kujaribia kuta hizi ni wa nyuzi 1,093 kwa dakika 15. Ukitoboa tundu la waya halafu ukaliziba kwa silikoni ya kawaida ya dirishani, umeutengenezea moto mlango. Kila tundu linahitaji kola ya chuma na lakiri ya kuhimili moto. Matundu hayo hayo ndiyo yanayopitisha moshi wa eksozi hadi kwa rubani. Kaboni monoksaidi haina harufu, kwa hiyo kifaa cha kuigundua kwenye dashibodi ni cha lazima hata kwetu ambako hakuna mwenye haja ya hita.

Mafuta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Petroli inatoka kwenye tangi, inapita chujio, kisha pampu ya umeme ya akiba, kisha pampu inayoendeshwa na injini, ndipo inagawanyika kwenda kwenye kabureta mbili. Kila kituo ni mahali pa kuvuja au pa kuziba. Anza na tangi. Kadiri petroli inavyopungua, hewa lazima iingie kuijaza nafasi. Wapo wanaoliziba tundu la kupumulia wakidhani wanazuia mvua na vumbi. Injini itawaka vizuri, ndege itaruka, halafu baada ya dakika kadhaa tangi litajivuta ndani na petroli itagoma kushuka. Huku pwani kuna adui mwingine: nyigu wa udongo, ambaye huweza kuliziba tundu la milimita 6 ndani ya siku chache ndege ikiwa imeegeshwa. Kizuizi cha wavu mwembamba kinatosha, lakini nacho kikaguliwe kila siku ya kuruka.

Kisha joto. Hozi ya mafuta ikipita karibu na eksozi, petroli inachemka ndani yake, mapovu yanajaa, na pampu inabaki kusukuma mvuke. Ndege iliyotua mchana wa Januari na kuzimwa nusu saa iko katika hali mbaya kuliko inayoruka, kwa sababu joto la injini linapanda chini ya boneti bila upepo wa kulifukuza. Dawa yake ni kuzipitisha hozi mbali na joto, kuzivika soksi ya kuhimili moto, na kuweka njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi kupitia tundu dogo sana, la milimita 0.35 kwenye mpangilio wa kawaida wa Rotax. Njia hiyo inatoa mvuke na kuifanya petroli iendelee kutembea. Bila kile kitundu cha kubana, shinikizo lote litarudi tangini na kabureta zitakaa na njaa.

Kipimo ambacho wengi hukiruka ni hiki. 912 ULS ikiwa kwenye nguvu zote inakunywa kama lita 27 kwa saa. Kanuni ni kwamba mfumo wa pampu uweze kutoa asilimia 125 ya hiyo, yaani kama lita 34 kwa saa. Mfumo wa kushuka kwa uzito wake wenyewe utoe asilimia 150, lita 40.5. Inua pua ya ndege kwa kuweka gurudumu la mbele juu ya matofali, mpaka pembe izidi kidogo ile ya kupaa kwa mwinuko mkali kabisa. Weka tangini mafuta machache, karibu na kile kiwango cha chini unachokusudia kuruka nacho. Fungua hozi kwenye kabureta, ielekeze kwenye chombo kilichowekewa alama, washa pampu, hesabu dakika nne kamili. Kwa pampu lazima upate angalau lita 2.25, kwa mfumo wa kushuka, lita 2.7. Fanya hivyo uwanjani penye upepo, mbali na cheche yoyote, chombo cha chuma kikiwa kimeunganishwa na ndege kwa waya. Ukipata pungufu usikubali kelele za “itatosha”. Tafuta kona kali ya hozi, chujio dogo, au kipande cha mpira kilichomeguka ndani wakati hozi inalazimishwa kuingia kwenye kiungo. Hicho cha mwisho hutokea mara nyingi na hakionekani kwa nje.

Kebo za kabureta nazo zina la kujifunza. Watu wengi hudhani kebo ikikatika injini itashuka mpaka mzunguko wa chini, kama pikipiki. Kwenye Rotax springi huvuta kuelekea nguvu zote: kebo ikikatika, injini inapiga kwa kasi, ili rubani aweze kufika uwanjani kisha aizime kwa swichi. Kwa kuwa kila kabureta inalisha silinda mbili, kebo mbili zisipovuta sawa upande mmoja utafanya kazi kuliko mwenzake, na mtikisiko huo utaila giaboksi taratibu. Kuzilinganisha kwa geji mbili za mvuto wa hewa ni kazi ya saa moja, irudiwe baada ya saa chache za kwanza kwa sababu kebo mpya hurefuka.

Oili

Injini hii haihifadhi oili chini yake kama gari. Oili, kama lita tatu, inakaa kwenye tangi lake la pembeni. Pampu inaivuta hadi kwenye injini, na gesi inayopenya pembeni ya pistoni ndiyo inayoisukuma kurudi. Kwa hiyo urefu wa tangi kwenye ukuta una maana kubwa. Usawa wa oili usipite juu ya mstari wa shafti ya propela, wala usiwe chini yake kwa zaidi ya milimita 400. Ukilipandisha sana, oili itashuka yenyewe na kujaa ndani injini ikiwa imelala. Ukilishusha sana, pampu itashindwa kuivuta.

Kosa linaloua injini mpya ni kuiwasha na hewa ndani ya mabomba ya oili. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi moja kwa kila silinda ili izunguke kwa wepesi. Toa hozi ya marejeo kwenye tangi, iingize mdomo kwenye chupa, kisha ziba ile nafasi iliyobaki wazi. Sukuma hewa kwenye tangi kwa shinikizo lisilozidi bar 1 huku msaidizi akizungusha propela kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, mpaka geji ya oili iinuke. Mara nyingi huchukua mizunguko kama 20 au zaidi. Tangi lisikauke katikati ya kazi, na hewa itolewe polepole kabla ya kufungua kifuniko. Propela isizungushwe kinyume: inaingiza hewa upande wa vali, na vile visukumio vya vali vinavyojazwa oili vitabaki laini na kugonga.

Na oili ipi? Oili za injini za ndege za kizamani hazifai hapa. Giaboksi na klachi vinaoga kwenye oili ile ile ya injini, kwa hiyo kitabu kinataka oili ya daraja la pikipiki yenye viungo vya kulinda gia.

Upande wa maji nitapita upesi. Tangi la kupanuka liwe mahali pa juu kuliko mfumo wote, vinginevyo hewa itajificha kwenye kichwa cha silinda na kukikaanga. Njia ya upepo kutoka kwenye boneti iwe kubwa kuliko ya kuingilia. Wajenzi hupanua mdomo wa mbele joto likizidi, kumbe upepo uliokwama hauna pa kutokea.

Umeme na eksozi

Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ukisahau waya mnene wa ethi kati ya injini na betri, mkondo wa stata utatafuta njia nyingine na kuipata kwenye kebo ya kabureta, ambayo itapata moto na kuganda ndani ya gamba lake. Ile rektifaya ya kuchajia nayo haipendi joto: ifungwe upande wa rubani wa ukuta wa moto, au ipelekewe bomba la upepo.

Swichi za cheche zinafanya kazi kinyume na swichi ya taa. Kuzima ni kuunganisha waya na ethi. Waya huo ukikatika, injini inabaki hai hata funguo zikiwa mfukoni mwako. Propela yoyote itendewe kama inayoweza kuwaka muda wowote, na watoto wanaokuja kushangaa wakae mbali nayo.

Eksozi hushikwa kwa springi kwenye viungo vya duara ili icheze na joto. Paka viungo hivyo mafuta mazito ya kuhimili joto, pitisha waya ndani ya kila springi ili ikikatika isirukie propela, kisha ijaze silikoni nyekundu ya joto kali kupunguza mtetemo. Mafundi wa eksozi wa mjini wanachomelea vizuri sana, lakini bomba hili ni jembamba na linatikiswa kuliko la gari. Omba uchomeleaji wa gesi ya agoni.

Barafu Tanga?

Ndiyo. Hili ndilo watu hukataa kabisa. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa inapopita kwenye koo jembamba, joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Hewa yetu imejaa unyevu. Fikiria chupa ya soda inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji: maji yale yametoka hewani. Ndani ya kabureta jasho hilo linaganda, linaziba njia, na injini inalegea hasa rubani anaposhuka kutua akiwa amepunguza mafuta. Nje kunaweza kuwa na nyuzi 25 na jua linawaka. Kwa hiyo mfumo wa kupasha kabureta joto, kwa hewa ya moto au kwa maji ya injini, si mapambo ya nchi za baridi.

Siku ya kuwasha

Mkia ufungwe kwenye nguzo, magurudumu yawekewe vizuizi, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu asiyesimama kwenye mstari wa propela. Vuta choki huku wenzo wa mafuta umerudishwa kabisa. Ukiufungua hata kidogo, choki haifanyi kazi. Injini ikiwaka, jicho kwenye geji ya oili: shinikizo lisipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Likipanda, iache kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika mbili, kisha 2,500 mpaka oili ifike nyuzi 50. Ndipo ujaribu mifumo miwili ya cheche kwenye 4,000, ukizima mmoja mmoja. Kila mmoja usipunguze zaidi ya 300, na tofauti kati yao isizidi kama 115.

Zima baada ya hapo, fungua boneti yote, na upitishe tochi kwenye kila kiungo. Hozi isiyogusa kitu injini ikiwa imelala inaweza kusuguana ikitikisika. Tafuta alama nyeusi za msuguano. Kiwanda kinataka sehemu za mpira zibadilishwe kila miaka mitano. Kwa ndege inayolala karibu na bahari, ambako chumvi ya upepo wa kusi huanza kuila aluminiamu mahali inapogusana na boliti za chuma, ukaguzi wa klipu, ethi na rejeta ufanywe kabla ya hapo, na injini ipanguswe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya safari za ufukweni, plagi na njia za hewa zikiwa zimefunikwa.